Bustani ya katikati ya mji: mlango utafunguliwa kwa nani?

Wandugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi nyote wakaaji wa mji,

Wakubwa wanapotaka kuonyesha maendeleo, kwanza huzungumza barabara, kisha taa, kisha bustani mpya katikati ya mji. Huchorwa picha nzuri: miti, maua, mabenchi, maji yanayoruka juu. Nasi watu wa kazi tunaiangalia picha ile, tunacheka kidogo, tunasema: "Hiyo ni ya wakubwa." Kisha tunarudi kambini.

Gazeti letu leo lataka kusema kinyume. Bustani si jambo dogo, wala si jambo la wakubwa peke yao. Lakini haitakuwa yetu kwa sababu tu kibao kimeandikwa "Bustani ya Wote". Inakuwa yetu, ama inatuponyoka, siku ile mkataba unapotiwa sahihi, kabla mti wa kwanza haujapandwa. Nani analipa? Nani anachimba? Mtoto atatozwa nini mlangoni? Na kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani?

Sisi wa Katanga tunajua vizuri ya kuwa ardhi tupu katikati ya mji si tupu. Mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910 kando ya kazi ya shaba. Upande mmoja ukajengwa mji wa Wazungu wenye barabara zilizonyooka na miti ya kivuli. Upande wa pili ikajengwa site ya watu weusi, Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Na katikati yao ikaachwa nchi tupu yenye upana wa mamia ya mita, iliyoitwa kwa Kifaransa zone neutre. Waganga wa serikali walisema ni kwa sababu ya mbu: mbu akimuuma mtu mweusi hawezi kuruka mbali hivyo kumfikia Mzungu. Lakini boi wa nyumbani na mpishi walivuka kila asubuhi, na hakuna aliyewauliza kama wamebeba mbu. Usiku ndipo walipokatazwa kubaki mjini pasipo barua ya ruhusa. Basi nchi ile haikuwa ya kupumzikia hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kutenga watu.

Tena kuna jambo la pili ambalo wazee hawajalisahau. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai kuongezwa mshahara. Tarehe 9 ya mwezi ule walikuwa wamekusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Kwa nini kiwanja cha mpira? Kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo watu wengi weusi wangeweza kusimama pamoja wakasikilizana. Askari wakapiga risasi. Watu makumi wakafa, na miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Mtu akituambia kwamba uwanja wa wazi ni mapambo tu, tunamkumbusha kiwanja kile.

Sasa tunajua neno litakalosemwa, na ni neno la haki. Mama wa Katuba au wa Kenya atauliza: "Mnazungumza maua, na bomba langu halina maji? Mifereji imeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani, ninyi mnataka mabenchi?" Mama, hatukupingi. Maji kwanza. Lakini angalia jambo hili: nyumba yenye vyumba viwili na watu tisa haina mahali pa mtoto kusoma, wala pa mzee kukaa mchana wa joto, wala pa kijana kuzungumza na mchumba wake kwa heshima mbele ya watu. Tajiri ana kivuli chake nyuma ya ukuta wake. Asiye na ukuta anakaa kivuli cha baa, na kivuli kile anakilipa kwa chupa. Tena, bustani iliyojengwa kwa akili haishindani na mfereji. Udongo wenye miti hunywa mvua, saruji huisukuma yote kwa jirani wa chini.

Tutafute basi mfano wa kazi yenyewe, maana mwandishi wa mistari hii ni karani, na karani haamini picha, anaamini hesabu. Mfano tulioupenda uko Misri, katika mji wa Kairo, nao unaitwa Bustani ya Al-Azhar.

Kando ya mji wa kale wa Kairo, karibu na mtaa wa maskini na mafundi uitwao Darb al-Ahmar, palikuwa na vilima vya Darassa. Havikuwa vilima vya Mungu. Vilikuwa takataka: kwa miaka kama 500 watu wa mji walimwaga pale vifusi, majivu na uchafu wao, mpaka ikawa milima. Mwaka 1984 Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, alisema atautolea mji ule bustani kama zawadi. Kairo ilikuwa na watu wengi na majani machache mno. Wapimaji walisema ukigawa nchi ya kijani ya mji kwa watu wake wote, kila mmoja angepata kadiri ya wayo wa mguu wake. Mahali pa wazi palipokuwa pamebaki ni jalala lile, hektari 30, yaani viwanja vya mpira zaidi ya 40.

Kazi haikuanza upesi. Serikali ya mji ilihitaji kwanza kujenga pale matangi matatu ya maji ya kunywa, kila moja lenye upana wa mita 80 na kina cha mita 14. Mama wa Katuba, umesikia? Maji yalitangulia, na bustani ikapangwa juu yake na kandokando yake. Yote mawili yalikaa katika kilima kimoja.

Kisha wakaanza kuchimba. Hapa wenzetu wa mgodi watatuelewa kuliko wasomaji wengine. Waliondoa mita za ujazo zaidi ya milioni 1 na nusu za vifusi na udongo, mizigo ya kamyo zaidi ya 80,000. Fanyeni hesabu pamoja nami: kama kamyo 100 zinatoka kila siku, bila Jumapili wala sikukuu, ni siku 800, zaidi ya miaka miwili. Kapita yeyote wa mgodi wa wazi anajua maana ya kazi hiyo: barabara za kamyo, mteremko usiobomoka, vumbi, mahali pa kumwaga. Hiyo ndiyo bustani. Maua ni siku ya mwisho.

Walipokuwa wakichimba walikuta ukuta. Ulikuwa ukuta wa mji uliojengwa katika karne ya 12, zamani za Sultani Salah al-Din, nao ulikuwa umezikwa kwa urefu wa kilomita 1 na nusu chini ya taka za vizazi vyote vilivyofuata. Wakaufukua wakautengeneza. Na udongo wa kilima ulikuwa na chumvi nyingi, mti ungekufa. Ikabidi kuandaa tabaka la udongo mwingine, kujaribu mimea mbalimbali, na kuotesha miche mingi katika vitalu kwa miaka kabla ya kupanda. Bustani ilifunguliwa rasmi mwaka 2005, zaidi ya miaka 20 baada ya neno la kwanza. Gharama yake ilikuwa karibu dola milioni 30.

Lakini tunausifu mfano huu hasa kwa sababu nyingine. Mtaa wa Darb al-Ahmar haukufukuzwa ili wageni wapate kupiga picha. Vijana wa mtaa waliingizwa kazini, wakajifunza useremala, uashi wa mawe na kazi ya kutengeneza ukuta ule. Nyumba nyingi zilitengenezwa wakati wenyewe wakiendelea kukaa katika mtaa wao, na mikopo midogo ikatolewa kwa wenye kazi za mikono. Aliyekuwa akikaa chini ya jalala akawa jirani wa bustani, naye ndiye aliyelipwa mshahara wa kuijenga.

Je, hapo hakuna kasoro? Ipo. Mlangoni pa Al-Azhar watu hulipa. Si fedha nyingi, na waliojenga wana sababu: fedha hizo, pamoja na za mikahawa iliyo ndani, zinalipa wakata majani, walinzi na maji, na bustani haimwombi mtu fedha kila mwaka. Karani anaelewa sababu hiyo. Baba wa watoto saba haielewi, maana yeye hulipa mara tisa. Mlango mdogo wa fedha unafanya kazi ileile ya barua ya ruhusa, ingawa kwa upole: unachagua nani aingie.

Basi tutazame upande mwingine, Marekani, katika mji wa Chicago. Kule walijenga bustani katikati kabisa ya mji, Millennium Park, juu ya njia za treni na maegesho ya magari. Walisema itagharimu dola milioni 150 na itakuwa tayari mwaka 2000. Ilifunguliwa Julai 2004, na hesabu ilikuwa imepita dola milioni 470. Sehemu kubwa ya ziada ilitolewa na matajiri na makampuni, ambao majina yao yamebandikwa kila pembe: uwanja wa barafu una jina, jukwaa la muziki lina jina, hata daraja lina jina. Wengi walikasirika, na walikuwa na haki kukasirika. Lakini mlango ni bure. Mfagiaji na mwenye benki wanaingia sawasawa, na watoto wanacheza katika maji ya chemchemi bila mtu kuwauliza tiketi.

Kairo ilijenga kwa fedha kidogo na ikaweka tiketi. Chicago ilitumia fedha nyingi mno na ikaacha mlango wazi. Sisi hatuna lazima ya kuiga kosa la yeyote kati yao. Tunataka hesabu ya Kairo na mlango wa Chicago.

"Na fedha zitoke wapi?" Hapa tuiteni sheria kwa jina lake. Sheria ya Madini ya nchi yetu ya mwaka 2002 ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Imeandikwa humo kwamba katika kila franka 100 za malipo ambayo makampuni hulipa juu ya madini wanayoyauza, 50 ziende serikali kuu, 25 ziende jimbo, 15 ziende kwa serikali ya mahali penyewe panapochimbwa, yaani mji, komuni, sekta ama chefferie, na 10 ziwekwe katika mfuko wa vizazi vijavyo, siku madini yatakapokwisha. Zile 15 si zawadi ya mtu. Si za burugumestri, wala si za binamu yake. Ni haki ya watu wanaokunywa vumbi la mgodi ule. Komuni yenye migodi mlangoni inaweza kulipa wakata majani wake kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, na mtoto akaingia bila senti. Lakini ili hilo liwezekane, hesabu za zile 15 zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya komuni kila miezi mitatu, ili hata asiyejua Kifaransa aombe mwanawe amsomee. Tusidanganyane: pasipo karatasi ile ukutani, bustani itakuwa njia moja zaidi ya fedha kupotea, na mabenchi matatu yatahesabiwa kuwa mabenchi mia tatu.

Tuje kwenye udongo, maana hapo ndipo tunapoogopa zaidi, na picha za wakubwa hazionyeshi udongo. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kwa miongo mingi bomba lile kubwa lilitoa moshi, na upepo ukaupeleka upande mmoja wa mji, ukaacha chini shaba, kobalti, risasi na vitu vingine visivyofaa mwilini. Wataalamu wamepima udongo wa mji wakavikuta humo. Kuna mahali ambapo majani hayakutaka kuota miaka na miaka, na watu wakadhani ni laana. Kumbe ni moshi. Basi kiwanja cha bustani kisichaguliwe kwa sababu tu kiko wazi mbele ya benki. Udongo upimwe kwanza, na karatasi ya vipimo isomwe mbele ya watu. Watoto wadogo hula udongo, kila mama anajua. Kama umechafuka, uondolewe ama ufunikwe kwa tabaka nene la udongo safi, kama walivyofanya wale wa Kairo kwa sababu ya chumvi. Kazi hiyo tunaiweza sisi kuliko wengi duniani. Nchi yenye mafundi wa kuhamisha milima kwa ajili ya shaba haiwezi kusema imeshindwa kuhamisha mita moja ya udongo kwa ajili ya watoto.

Na ule mlima mweusi wa takataka za tanuru unaoonekana kutoka kila pembe ya Lubumbashi utufundishe jambo. Kwa miaka mingi uliitwa uchafu. Baadaye wenye akili wakagundua kwamba kobalti imebaki ndani yake, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ukaanza kuyeyushwa tena, ukatoa fedha. Hatuoni kwa nini taka zirudiwe kwa ajili ya mauzo tu, na kamwe zisirudiwe kwa ajili ya kivuli.

Juu ya miti tuna maneno machache. Ipandwe mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba, isipandwe mwezi wa Juni kwa sababu mkubwa fulani anapita. Mche uliopandwa kiangazi kwa ajili ya picha ni kuni za Septemba. Tuna jakaranda za kupendeza macho, tuna miembe ya kulisha watoto (nao watairushia mawe, haidhuru), na tuna miti ya porini kwetu ambayo haihitaji kubembelezwa kwa maji. Wakati wa kiangazi lazima awepo mtu mwenye mpira wa maji na mshahara wa mwezi. Mshahara wake uandikwe katika bajeti kabla ya ile chemchemi inayoruka.

Kazi ya kujenga wapewe nani? Makampuni ya kutoka mbali huja na watu wao hata wa kusukuma toroli. Sisi tunaomba iandikwe katika mkataba, kwa hesabu na si kwa ahadi, ni wangapi watatoka Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, na ni wangapi watafundishwa ufundi. Kuna wanaume wengi katika miji yetu waliowahi kuendesha mashini kubwa za mgodi na leo wamekaa mlangoni. Waitwe hao. Na mama wanaouza ndizi, karanga na mikate pale kiwanjani kabla ya kazi kuanza waandikwe majina yao siku ya kwanza, wapewe meza yenye paa ndani ya mpango. Wasitimuliwe na polisi asubuhi ya sherehe, halafu mahali pao akawekwa mtu mwenye mkahawa wa vioo.

Limebaki jambo la jina la kiwanja, na hapa twende Nairobi kwa jirani zetu. Kule kuna bustani ya katikati ya mji iitwayo Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, miaka michache baada ya uhuru wa Kenya. Mwaka 1989 chama kilichotawala kilitaka kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60. Wakubwa walisema ni maendeleo. Mama mmoja, Wangari Maathai, akaandika barua huku na huku, kwa ofisi za serikali na kwa mataifa ya nje, akiuliza kama watu wa London ama New York wangekubali jumba kama hilo katikati ya bustani yao. Bungeni walimcheka na kumtukana. Mwishowe waliotaka kukopesha fedha wakaogopa, jumba halikujengwa. Mwaka 2010, tarehe 27 Agosti, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa katika bustani ileile, mbele ya umati wa watu. Kama jumba lingejengwa, umati ule ungesimama wapi?

Kwetu mambo hayo si mageni. Nani asiyejua kiwanja cha mpira kilichogeuka duka, ua wa shule uliokatwa nusu, ukingo wa mto uliouzwa kwa karatasi tatu kwa watu watatu? Bustani ya katikati ya mji ni ardhi ya thamani kubwa kuliko zote, na kila mwaka itakuwa ya thamani zaidi. Siku moja atakuja mtu na begi. Kwa hiyo hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la mji, mipaka yake ipimwe na mawe yawekwe, nakala ikae ofisi ya viwanja, nakala nyingine ikae katika kila komuni, na iandikwe ya kuwa hakitauzwa wala kukodishwa bila kura ya hadharani ya baraza.

Burugumestri atakapoita mkutano wa bustani, wandugu, msitume watoto peke yao kwenda kupiga makofi na kuimba. Nendeni wenyewe baada ya kazi, baba na mama, mketi mbele. Ombeni mkataba usomwe wote kwa Kiswahili, mpaka karatasi ya mwisho. Malipo ya mlangoni kwa kawaida huandikwa huko nyuma, kwa herufi ndogo.